Mashine Ibaki Juu

Kisa hiki hakina jina la kijiji wala la mtu. Nimekishona kwa mambo yanayojirudia kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa kila masika yanapofika, na majina nimeyaacha makusudi ili msomaji asihangaike kuuliza lilikuwa duara la nani. Aliyewahi kukaa machimboni atayatambua yote.

Duara, yaani shimo la kuchimbia, lilikuwa na kina cha mita 14. Mdomo wake ulikuwa mraba, mita 1 na nusu kila upande, matimba ya kuzuia kuta yamepangwa kutoka juu hadi pale udongo unapokwisha na mwamba kuanza. Kiangazi chote vijana walishuka kwa kamba na kupandisha mawe kwa winchi ya mkono, na mawe yalikuwa yanalipa: kila kiroba kilichokwenda karasha kusagwa kilirudi na kitu. Kisha mvua zikaanza. Maji yakachuruzika kutoka kwenye nyufa, kwanza ya kuteka kwa ndoo, halafu ya kushinda ndoo, mpaka mita 3 za chini zikajaa na mwamba wenye dhahabu ukazama.

Mwenye duara alikuwa na mfadhili mjini, mtu anayetoa chakula, petroli na baruti, halafu anachukua fungu lake kwenye mgao. Siku ambayo mawe hayapandi, deni linapanda. Mfadhili akaleta pampu ya petroli ya inchi 2. Wakaiweka juu, mpira ukashushwa, pampu ikajazwa maji, ikawashwa. Maji hayakuja. Wakakaza klipu, wakabadilisha mpira, wakafungua pampu kutazama sili. Kesho yake wakaazima pampu ya inchi 3, yenye mashine kubwa zaidi, na fundi akaipandisha mwendo mpaka matimba yakatetemeka. Iliunguruma kana kwamba inatafuna changarawe, na kwenye mdomo wa mpira wa kutolea ikatoka hewa tu.

Jambo hili linahitaji kuelezwa polepole, kwa sababu maafa ya duara lile yalianzia hapa, siku mbili kabla ya mtu yeyote kuanguka.

Pampu iliyowekwa juu ya shimo haivuti maji. Kazi yake ni kuondoa hewa ndani ya mpira. Baada ya hapo ni uzito wa hewa iliyotufunika sote unaoyakandamiza maji ya chini na kuyasukuma yapande. Uzito huo una mwisho wake. Pwani, kwenye usawa wa bahari, unaweza kusimamisha safu ya maji ya mita 10 na kidogo, basi. Wachimba visima wa Italia waligonga kikomo hicho zamani; Galileo alikiandika mwaka 1638, na mwaka 1644 Torricelli akaeleza sababu yake. Kwetu kikomo kiko chini zaidi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na machimbo ya Geita yako juu ya ziwa. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo kikomo kinashuka hadi kama mita 9. Toa msuguano wa maji ndani ya mpira, toa viungo vinavyopenyeza hewa, toa uchakavu wa pampu: kinachobaki mkononi mwa fundi ni mita 6, au 6 na nusu akiwa na bahati.

Kutoka mdomo wa duara lile hadi uso wa maji palikuwa na mita 11. Hata wangeleta pampu ya inchi 4, au injini ya lori, matokeo yangekuwa yaleyale. Nguvu za farasi huongeza wingi wa maji na urefu wa kuyasukuma baada ya kupita kwenye pampu. Upande wa kuvuta haziongezi hata sentimita. Kinachowachanganya wengi ni kibandiko. Pampu ndogo ya petroli huandikwa mita 30 hivi ubavuni, na mnunuzi akiisoma anadhani ndicho kina inachoweza kufikia. Hizo mita 30 ni za kusukuma juu. Kipimo cha kuvuta huandikwa pembeni kwa herufi ndogo, na hicho nacho ni cha usawa wa bahari.

Palikuwa na mzee mmoja pale machimboni, ametoka Kongo, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye dreji za Mto Ulindi, kule Shabunda. Dreji ndogo ni chelezo chenye mashine na pampu juu yake, na mpira mnene unaoshuka hadi sakafuni mwa mto kunyonya mchanga wenye dhahabu. Iliyoundwa vizuri haipitishi kokoto kwenye pampu, maana zingeila feni kwa siku chache. Pampu inachota maji ya mto, inayasukuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba uliochomekwa ndani ya ule mpira mnene, na mchirizi huo ukipita kwa kasi unaacha upungufu wa shinikizo nyuma yake. Maji na mchanga wa chini vinafuata, vinapanda hadi kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu ulioko juu ya chelezo. Mashine haijashuka hata kidogo. Iliyoshuka ni nguvu ya maji.

Mzee alimfuata mwenye duara jioni.

"Bosi, motere inabaki juu. Tuma maji chini, yatarudi na wenzake."

Alikuwa sahihi kabisa. Mbinu hiyohiyo hutumika kwenye visima virefu vya majumbani: mpira mmoja unapeleka maji ya shinikizo chini, mdomo mwembamba unayageuza juu kwa kasi, na mpira wa pili unayarudisha pamoja na maji ya kisima. Kwa kuwa maji yanasukumwa kutoka chini, kikomo cha mita 6 hakihusiki tena. Ina hasara zake. Maji mengi yanazunguka bure, yanayopatikana ni sehemu tu ya yanayopita kwenye pampu, na petroli inaliwa zaidi. Lakini maji yanatoka, na moshi unabaki porini.

Mwenye duara aliuliza gharama. Mipira miwili mirefu, pipa la maji pale juu, fundi wa kuchomelea, siku mbili tatu za kazi. Akampigia mfadhili simu. Jibu lilikuwa kwamba pampu zimeshanunuliwa na kuazimwa, sasa zifanye kazi. Fundi wa mjini akasema yeye anahitaji saa moja. Kama maji hayafiki kwenye mashine, mashine iyafuate maji.

Wakafunga magogo manne kwenye mita ya 8, wakapigilia mbao, wakashusha pampu kwa winchi ikakaa juu ya jukwaa. Kutoka pale hadi kwenye maji zilikuwa mita 3 tu. Kijana mmoja, mdogo kuliko wote, aliuliza moshi utakwenda wapi. Fundi akamjibu kwamba moshi ni mwepesi, utapanda wenyewe. Kwa kumridhisha akachomeka kipande cha mpira kwenye ekzosi. Kikayeyuka kabla petroli ya kujaribia haijaisha, wakakitupa.

Maji yalitoka. Yalitoka kwa nguvu, mekundu, yakajaza mfereji, watu wakashangilia, na mfadhili akapigiwa simu kupewa habari njema. Ushindi wa saa ile uliwaumiza kuliko kushindwa kwa siku mbili, kwa sababu ulifunga mjadala. Mzee hakuulizwa tena.

Siku hiyo ya kwanza vijana wawili walishuka kusafisha chujio la mpira mashine ikiwa inawaka. Hawakukaa sana. Mmoja alipanda akilalamika kichwa kinapasuka, mwingine magoti yamelegea na akatapika kando ya rundo la mawe. Wakasema malaria. Dawa ikanunuliwa. Wakakaa chini ya mwembe, na baada ya saa chache wakajisikia nafuu, wakacheka, wakala.

Malaria haiponi kwa kukaa kivulini saa chache. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu, kichefuchefu na miguu mizito akiwa ndani ya shimo, kisha akapata nafuu akitoka nje, ugonjwa uko shimoni. Na wawili wakiumwa kwa pamoja saa ileile, hakuna haja ya kipimo cha malaria kulithibitisha.

Siku ya pili asubuhi mashine iliwashwa tena. Baada ya muda ikaanza kukohoa, ikajizima. Tangi lilikuwa na petroli nusu. Fundi alihisi kabureta, wengine wakasema plagi. Ukweli ni kwamba mashine ilikuwa inavuta moshi wake yenyewe. Hewa ya kuchoma petroli ilikuwa imepungua mle ndani. Injini ilikuwa imetangulia kusema jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulinusa.

Walichukua tahadhari moja, ile ambayo machimbo mengi huitegemea. Mshumaa uliwekwa kwenye ndoo, ukashushwa hadi kwenye jukwaa, ukapandishwa. Ulirudi ukiwaka. Kwa hiyo mdogo wa ndugu wawili waliokuwa wakifanya kazi pamoja akashuka kuwasha mashine. Alikanyaga mbao, akainama, akashika kamba ya kuwashia. Akaivuta mara moja. Kisha akakaa, taratibu, kama mtu aliyeamua kupumzika, mgongo kwenye matimba. Walipomwita hakuinua kichwa.

Kaka mtu hakusubiri. Alishika kamba kwa mikono tu, hakujifunga, akateremka akiita jina la mdogo wake. Alimfikia, akamshika kwapani kumwinua, na akaanguka juu yake. Wa tatu alikuwa ameshaweka mguu kwenye mdomo wa duara. Mzee wa Kongo alimshika shati, akamfunga kamba kifuani kwa nguvu huku akigombezwa, ndipo akamwachia. Alipofika nusu ya njia mikono yake ililegea. Walimvuta kwa winchi, akazinduka juu ya udongo akiwa hajui alipo. Wale wawili walitolewa alasiri na askari wa Zimamoto na Uokoaji waliokuja na mitungi ya hewa mgongoni.

Kilichowaua ni hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi, harufu wala ladha, na uzito wake ni karibu sawa na hewa ya kawaida, kwa hiyo haipandi ikaondoka wala haitui chini ikakaa. Inachanganyika na hewa mnayoivuta. Ekzosi ya mashine ndogo ya petroli huitoa kwa wingi, asilimia kadhaa ya moshi wote. Ndani ya mwili inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi damu inazunguka ikiwa imejaa kitu kisichofaa. Misuli ndiyo inayotangulia kukosa nguvu, na ndiyo maana mtu anaweza kujua kwamba yuko hatarini na bado asiweze kupanda ngazi.

Mshumaa hauisikii. Mshumaa unazimika oksijeni ikipungua sana, lakini kaboni monoksidi inaua mahali ambapo oksijeni bado inatosha kuwasha utambi. Anayeshuka kwa kuamini mshumaa anapima kitu kingine.

Tufanye hesabu ya duara lile. Mita 1 na nusu kwa mita 1 na nusu, kina mita 14: ni mita za ujazo 31 na nusu hivi, hata kabla ya kutoa nafasi ya maji. Lita 1 ya petroli ikiungua hutumia takribani mita 9 za ujazo za hewa na kuzirudisha zikiwa moshi. Chukua makadirio ya chini, kwamba asilimia 3 tu ya moshi huo ni kaboni monoksidi, na ukubali kwamba nusu yake imefanikiwa kutoka juu. Inayobaki inatosha kufikisha sehemu zaidi ya 4,000 kwa kila sehemu milioni ya hewa ya duara. Marekani, taasisi ya usalama kazini iitwayo NIOSH imeweka sehemu 1,200 kuwa kiwango cha hatari ya papo hapo kwa maisha. Lita 1 tu, chupa ya maji ya kunywa, kazi ya chini ya saa moja kwa pampu ya kawaida. Na siku ile nusu ya petroli ya tangi ilikuwa imeshaungua.

Taasisi hiyohiyo ilitoa onyo mwaka 1986 baada ya kuchunguza vifo vya watu kwenye mashimo, matangi na mahali pengine palipobana: zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa walikuwa waliokwenda kuokoa wenzao. Kaka mtu yule hakuwa mzembe. Alifanya ambacho ndugu yeyote angefanya, na hapo ndipo penye ugumu wa kufundisha jambo hili, kwa sababu tunamwomba mtu asimame juu ya shimo akimtazama wa tumbo moja amelala. Dawa yake ni kuandaa uokoaji kabla ya kushuka. Kila anayeingia avae mkanda wa kifuani na mapajani, kamba ifungwe kwenye mkanda huo na iishie kwenye winchi, na mtu mmoja abaki juu asiye na kazi nyingine. Hapo anayelegea anavutwa, bila mwingine kumfuata. Duara tayari lina winchi na kamba. Kilichokosekana ni mkanda.

Anayetolewa akiwa hai apelekwe hospitali hata kama amesimama na kusema yuko sawa, na daktari aambiwe waziwazi kwamba kulikuwa na mashine inawaka shimoni. Asipoambiwa anaweza kudanganyika, kwa sababu kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni huhesabu damu yenye sumu hii kana kwamba ina oksijeni, kikaonyesha asilimia nzuri kwa mtu anayekufa. Kwa hewa ya kawaida sumu hupungua kwa nusu baada ya saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni safi ya hospitali ni kama saa 1 na nusu.

Wenzetu wa mtoni wasidhani kisa hiki ni cha watu wa mashimo peke yao. Kwenye dreji nyingi injini moja inaendesha pampu ya maji na pia kompresa inayompelekea mpiga mbizi hewa kwa mpira mwembamba. Kompresa inavuta hewa ya pale ilipo, na ilipo ni hatua moja kutoka kwenye ekzosi. Chelezo kikigeuka na mkondo, au upepo ukibadilika, moshi unaingia kwenye kompresa na kwenda moja kwa moja kifuani mwa mtu aliye chini ya maji. Kizunguzungu cha chini ya maji hakimpi mtu nafasi ya kukaa chini ya mwembe. Mdomo wa kuvutia hewa upandishwe kwa bomba juu ya vichwa vya watu, upande wa upepo, mbali kabisa na ekzosi, na upepo uangaliwe kila chelezo kinapohama.

Kwa duara lenye maji, mbali na mbinu ya mzee, ipo pampu ya umeme ya kuzamisha, ile ya maji machafu. Jenereta inakaa juu, umbali wa mita nyingi kutoka mdomoni na upande ambao upepo unapeleka moshi porini. Linaloshuka ni waya na pampu. Yataka waya mzima usio na viraka, kikata umeme cha kulinda watu, na hakuna mtu kukanyaga maji pampu ikiwa inafanya kazi. Majirani wakikubaliana, maduara matatu manne yanaweza kuchangia jenereta moja na kuchimba duara moja la chini zaidi la kukusanyia maji ya wote. Mahali penye mteremko, mfereji wa ubavuni unamaliza kazi bila hata tone la petroli. Na ikibidi kusubiri masika yaishe, mwamba hauhami.

Injini ya dizeli isitumike kama kisingizio. Hutoa kaboni monoksidi kidogo kuliko ya petroli, lakini inakula oksijeni na kutoa gesi nyingine za sumu. Nayo ikae juu. Na shimo ambalo injini imewahi kuwaka ndani yake lisiingiwe siku hiyo kwa kusema moshi umeshaisha. Lipulizwe hewa kwa blowa, bomba likifika chini kabisa, na kipimo cha gesi kishushwe kabla ya mtu.

Neno langu la mwisho ni kwa wauza pampu wa Geita, Kahama, Chunya na kila mji wenye mwalo. Ninyi ndio wa kwanza kukutana na mchimbaji, kabla ya fundi na kabla ya askari wa uokoaji. Anapoingia dukani akitaka pampu "yenye nguvu zaidi" kwa sababu ya kwanza imeshindwa kuvuta, muulizeni kutoka mdomo wa shimo hadi kwenye maji ni mita ngapi. Akisema zaidi ya 6, msimuuzie pampu ya petroli kwa kazi hiyo. Mwonyesheni ya kuzamisha, au mpeni mipira miwili na fundi wa kuchomelea. Na kwenye ukuta wa duka, pale juu ya bei, andikeni namba ya Zimamoto na Uokoaji: 114.